Arobaini na Tano ya Baba

Kwako Kaka Clayton,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na wifi Marlys na watoto. Natumaini baridi ya Alaska inawaacha mkiwa wazima, na kwamba mgongo wako umetulia tangu walipokubadilishia zamu. Mimi sijambo kwa mwili. Mahindi yameshavunwa, na yule ng'ombe mwekundu amepona kwato. Ningekupigia simu, ila Baba hushinda chumba cha pili mchana kutwa, na masikio yake ndiyo kitu pekee ambacho hakijamsaliti.

Jambo la kwanza litakuchekesha. Baba ameiacha bastola yake ya arobaini na tano. Ndiyo, Vernon Haskett huyuhuyu, aliyetulea tukiamini kwamba siku ya saba Mungu hakupumzika bali aliumba risasi ya kipimo hicho.

Unazikumbuka Jumamosi zetu za uwanja wa shabaha, kisha mchuzi wa chili na mkate wa mdalasini mkahawani, kwenye meza ya Baba na wenzake? Askari wa kaunti walipoacha bastola za kipimo cha arobaini wakarudi kwenye zile ndogo za tisa, nusu ya meza ile iliwafuata. Walisema risasi za siku hizi zimeboreshwa, teke la tisa mkononi si kali, na magazini yake inabeba risasi nyingi. Baba hakutaka kusikia. Rafiki yake Delbert Kubicek alipoleta tisa yake mpya, Baba alimuuliza kama dukani walimpa na mkoba wa kike wa kuibebea. Delbert akamjibu kwamba yeye walau hulenga shabaha, haitishi kwa kelele. Wale wawili wametaniana hivyo tangu kabla sijazaliwa, unawajua.

Basi mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Baba akaja mezani na tisa kiunoni. Walimcheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akamtaka aombe radhi kwa wenye tisa wote aliowatukana. Baba akawapa hotuba ndefu kuhusu risasi za kisasa, ileile aliyokuwa akiwazomea wao walipoitoa. Delbert peke yake hakucheka. Aliinamia bakuli lake akawa anakoroga chili.

Kiangazi Baba akashuka tena kipimo, akanunua ile tunayoiita tatu themanini, ndugu mdogo wa tisa. Alisema inakaa vizuri mfukoni. Baada ya mavuno akarudi na ishirini na mbili, kipimo kile tulichoanza nacho mimi na wewe, cha kutobolea makopo ya maharage. Safari hii hakutoa hotuba. Nilimtania kwamba akiendelea kushuka hivyo, Krismasi itabidi tumnunulie manati. Alicheka kidogo, kisha akaniomba nimfungulie chupa ya matango ya siki. Nikaifungua, nikampa, nikaendelea na kazi zangu. Najichukia nikikumbuka, maana jibu lilikuwa mkononi mwangu na sikuliona.

Delbert ndiye aliyenieleza. Alinifuata ghalani, kofia mkononi, akasema amechoka kubeba siri ya watu. Yeye ndiye aliyempeleka Baba kwa daktari mjini Omaha. Misuli ya Baba inakufa, Kaka. Imeanzia mikononi, itapanda hadi kooni na kwenye pumzi, na dawa ya kuirudisha hakuna. Baba alimwapisha asituambie. Halafu Delbert akasema lile ambalo halinitoki kichwani, kwamba Baba hakuwa akichagua bastola ya kujikinga na mwizi. Kila aliposhindwa kukoki moja, kuivuta nyuma ili risasi iingie, alitafuta nyingine iliyo laini zaidi, ili siku atakapoamua, mikono yake isimkatalie. Akamalizia akilia, ameegemea gurudumu la trekta, na mimi nikawa nafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Baba alipokwenda kwa kinyozi nikazitoa zote tatu, nikampa Delbert azifungie kwake, kama watu wa huku wanavyowekeana silaha rafiki mmoja akipita kwenye giza la moyo. Ile arobaini na tano niliiacha kwenye droo ya kitandani. Niliona aibu kumvua mtu kila kitu. Na kusema kweli, niliiacha kwa kuwa nilijua Baba hana tena nguvu za kuikoki.

Jumapili nilikuwa nafuta meza ya jikoni. Ukingo wa upande anaokaa yeye umechimbika, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mbao inaonekana nyeupe. Nadhani umeshaelewa. Alitufundisha mwenyewe tukiwa wadogo: mkono mmoja ukiumia, meza ndiyo mkono wako wa pili, unaikwamisha bastola ukingoni na kuisukuma mpaka ikokike. Nilikwenda chumbani nikaitoa na hiyo. Ilikuwa imekokiwa tayari.

Hakunifokea. Alisema, "Uliniachia ile kubwa kwa sababu ulidhani Baba yako kaisha." Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniomba nimfungie vifungo vya shati.

Sasa nakuomba usimsomee mtu yeyote haya yanayofuata, hata wifi. Kila jioni baada ya kula Baba huniomba nimrudishie bastola moja, kwa sauti ya upole, kama anayeomba chumvi. Hanibembelezi wala hanilaumu. Ananieleza tu atakavyokuwa mwakani, na kila anachosema ni kweli, maana nimemuuliza daktari mwenyewe. Usiku wa kuamkia leo nilivaa koti, nikaendesha gari mpaka kwa Delbert, nikamwomba funguo za kabati lake. Alisimama mlangoni akanikatalia. Nilimtukana, Kaka, mzee wa watu. Njiani kurudi ndipo nilipotambua kwamba sikwenda kwa ajili ya Baba peke yake. Nimechoka kumtazama. Njoo kabla Delbert naye hajachoka.

Wasalimie watoto na umbusu mdogo kwa niaba yangu. Baba hajui kama nakuandikia, hivyo hakutuma salamu, lakini jana alipita mbele ya picha yako akasema unakonda.

Ni mimi dada yako,
Lorna