Posa ya Mvaa Bukta

Kamuli, Karagwe,
Bukoba.
14 Juni 1953

Mpendwa kaka Apolinary,

Shikamoo. Habari za Tabora na za kazi ya reli? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini kubaki nyumbani hataki, yumo migombani siku nzima. Kahawa imeanza kuiva.

Sasa nikupe habari za Kahigi, yule karani wa ghala la kahawa anayemchumbia Celestina wetu. Jumapili iliyopita alikuja kujitambulisha. Alitoka moja kwa moja kwenye mpira Ihanda, juu ya baiskeli, amevaa jezi, bukta na raba, mapaja nje! Mama alipomwona mkwe mtarajiwa yuko hivyo, alijifunika khanga usoni akatokea mlango wa nyuma. Niliona aibu mimi kwa niaba yake.

Baba alijizuia. Akampa kahawa ya kutafuna, akamwuliza ukoo wake. Yeye alipoona Baba anamkodolea macho, akadhani amevutiwa na mavazi, akaanza na hayo. Bukta imepewa jina la wenye kiwanda kule Uingereza. Jezi asili yake ni kisiwa cha wafuma sweta. Raba ni utomvu wa mti. Anaeleza huku anatafuna, mara ajipige kifua, mara ajipige paja. Bwege kabisa.

"Kijana," Baba akamwambia, "nimekuuliza ukoo wako na mwiko wenu. Ukoo wa kaptula kamweleze fundi cherehani."

Akababaika, akataja ukoo wake kwa sauti ndogo. Ukoo ni mzuri, tena si wetu, kwa hiyo Baba hana la kumkatalia ila hayo mapaja. Anasema wewe ndiye kifungua mimba, atajibu akishapata barua yako.

Nilikaa kuandika ili nikuombe ukatae. Mtu anajua kila nguo yake ilikozaliwa, lakini hajui kwamba ukweni huvaliwa suruali! Sasa Celestina hali chakula tangu siku ile. Huenda kulia nyuma ya jiko akidhani simwoni, na mimi siwezi kuendelea kumtazama hivyo.

Wasalimie sana wifi Renatha na Mutalemwa mdogo. Mungu awalinde huko ugenini, awape afya na riziki.

Mkubalie tu, kaka. Nitamdharau huyo shemeji maisha yangu yote, lakini nitampikia.

Mdogo wako akupendaye,
Kokushubira