Mtani Aliyepasua Bafta

Mpendwa Bibi wa Dukani,

Mkasi ulikuwa wa kuanzia tu. Uliutia ukingoni mwa kitambaa, ukauweka mezani, ukashika pande mbili na kuvuta: krraaa, mpaka mwisho. Nimeishi Dodoma miaka minne, nimeanza kusahau hata sauti za watu niliosoma nao, lakini bafta ikipasuka mikononi mwako bado naisikia.

Niliizoea nikiwa nimekaa barazani kwako pale Lindi, pembeni ya bibi yangu. Alikuwa ameteremka kutoka Kipatimu kuja kuishi nasi baba alipopata kazi ya ofisini, na siku ya kwanza tu alikuuliza watani wako ni akina nani. Ukamwambia Wahindi hawana watani.

"Maskini," akasema. "Sasa mkifa nani atawachekesha? Basi nimekuchukua mimi."

Tangu siku hiyo hamkusalimiana vizuri tena. "Mmatumbi, leo umeoga, au maji yote wamekunywa mbuzi?" "Mhindi, chai hii ya pilipili unamkaribisha mtu au unamfukuza?" Yeye alikuwa na rozari yake shingoni, wewe na tasbihi yako mezani, na adhana ikisikika ni yeye aliyekuharakisha: "Nenda kasali, nakulindia duka. Nisipoiba leo nitaiba kesho."

Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe mwenyewe ulipasua bafta ya sanda yake, ukapanda gari nasi hadi Kipatimu, njia nzima umeshikilia kile kifurushi mapajani. Nilidhani utakaa mkekani na wageni. Badala yake, jeneza lilipotolewa uani, ulitokea umejifunga kitenge chake, umeshika mkongojo wake, unachechemea kama yeye.

"Mnanizika na ugoro wangu hamjanipa? Siendi." Ukakaa chini mbele ya wabebaji.

Watu walicheka huku wanalia. Baba naye alicheka, na tangu msiba uanze hakuwa amefungua mdomo.

Mimi nilikusogelea nikasema, kwa sauti iliyosikika na wote, "Inuka. Wewe si mtani wetu. Wewe ni Mhindi tu."

Bibi yangu alikuita Mhindi kila siku. Neno lilikuwa lilelile. Ninyi wawili mlitajiana tofauti zenu kila asubuhi na chai ikanyweka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuokota moja na kukurushia. Ulifungua kitenge, ukakikunja vizuri kama unavyokunja vya dukani, ukanipa. Kisha ukaenda jikoni kumenya vitunguu na wanawake.

Hukunigombeza. Ulifanya kibaya zaidi: ulianza kuniheshimu. Zamani nikija dukani uliniuliza, "Wewe kijukuu cha Mmatumbi, umetumwa au umetoroka?" Baada ya msiba ikawa, "Karibu, binti. Nikupe nini?" Nikisema shikamoo uliitikia marahaba, na mambo yakaishia hapo, hivyo hivyo hadi nilipoondoka kwenda chuo. Nilijua maana yake. Mgeni hataniwi.

Mara nyingi niliandaa maneno ya kukuomba radhi. Niliyapanga kwa ufasaha mno, nadhani ndiyo maana hayakusemeka. Siku moja chuoni mwalimu aliandika ubaoni makabila yanayotaniana, na darasa zima likaanza kutafutana na kutupiana maneno. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasema Wamatumbi tunaye mtani mmoja Mhindi. Akaniuliza nimesoma wapi habari hiyo. Nikakaa.

Mwezi uliopita binti yako Nasra alinipigia simu kwamba umefariki. Nilifika Lindi siku ya hitima, umeshazikwa. Wanawake walijaa mkekani, wapole, wanaangalia chini. Niliangaza chumba chote. Hakukuwa na wa kuwachekesha.

Nilimwita Nasra pembeni nikamwomba miwani yako na ule mtandio wa kijani uliouvaa dukani kila siku.

"Si ulisema mama si mtani wenu?"

"Nilisema. Nilikosea."

Akaingia chumbani kwako, akarudi navyo.

Nilivaa, Bibi. Unanijua nilivyo, mtu wa kukaa kona. Nilichukua kipande cha bafta dukani, nikasimama mlangoni, miwani imeshuka puani, nikawazuia waliokuwa wanaingiza sinia la pilau. "Nani kawaruhusu kula, na dukani kwangu hakuna mtu?" Mama mmoja alishika kifua. Nikashika kitambaa pande mbili, nikavuta.

Kilipasukia upande.

Nasra ndiye aliyecheka kwanza. "Mtoeni Mmatumbi huyo," akasema huku anafuta machozi, "anatuharibia bafta."

Mtani wako,
Kijukuu cha Mmatumbi