Video ya Minza

Sarah, nimetoka hospitali sasa hivi.

Unakumbuka video ya Minza akinyanyua vyuma, ile niliyoweka Jumatatu kwenye ukurasa wa jimu yetu hapa Mbalizi? Niliandika "Dada yetu wa wiki". Watu walimpongeza sana.

Mume wake ameiona. Yule ambaye Minza alimtoroka kule Ipogolo mwaka jana.

Leo asubuhi ameingia katikati ya mazoezi ya kina mama, nondo mkononi. Hakusalimia mtu. Akasema, "Minza, mwili wangu unauanika mtandaoni?"

Mwili wangu, Sarah. Ndivyo alivyosema. Mwili wangu.

Kocha Ezekia akasimama mbele yake. Akapigwa nondo ya mkono, nikausikia mfupa ukivunjika. Kisha yule mwanaume akamshika Minza nywele, akambamiza kwenye kioo. Damu mpaka kwenye mikeka.

Hapo kina mama wakamvamia. Mama Sekela, yule muuza viazi, alimpiga gotini kwa chuma cha mazoezi. Akaanguka, wakamkalia mpaka polisi wakafika.

Minza ameshonwa kichwani. Kule hospitali nilitoa simu nifute ile video, nalia, namwambia mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Akanishika mkono.

"Usifute, Joyness. Nimejificha mwaka mzima, nimechoka. Nipige picha nyingine sasa hivi, hizi nyuzi zionekane."

Nikampiga picha. Hakutabasamu, alitazama tu kamera.

Nimeiweka kwenye ukurasa uleule kabla sijakuandikia.