Akala Mpya Mlangoni

Mjukuu wangu Achieng',

Sisi hapa Ndhiwa tu wazima. Babu yako bado anakohoa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unauliza kama tutakupokea baada ya kunyamaza miaka mitatu.

Miaka ya tisini nilitoka Muhuru Bay, nilikokuwa nikianika omena, dagaa wa ziwani, nikarudi kwa mama yangu. Tulikuwa tumeachana vibaya, na sikumtumia habari. Mchana, karibu na nyumbani, viatu vilikatika nikavitupa. Njia nzima ilikuwa kimya, hata ndege hawakulia.

Mlangoni nilikuta maji ya kuoga, uji wa moto na akala mpya za kunitosha. Mama akapiga vigelegele.

"Nani alikuambia?"

"Mzee fulani alipita asubuhi akicheka kwa furaha. Alisema unakuja bila viatu."

Achieng', asubuhi viatu vyangu vilikuwa vizima. Mama alisema tu, "Mungu ana watu wake. Kunywa uji."

Usihangaike kutaja siku. Juzi mzee fulani alipita hapa akicheka. Barua yako haikutaja mtoto, lakini leso ya kumbebea nimeshanunua.

Dani, nyanya yako