Picha Niliyoapa Kutoionyesha

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Popote itakapokukuta barua hii, isome mpaka mwisho kabla hujaichana. Nimeinakili mara sita kwa mkono. Moja nampa dereva wa lori la chumvi, moja masista wa misheni, moja mama anayeuza mikate pale malori yanaposimama Bafwasende, na nyingine nitaziacha kwa yeyote atakayekubali kuzipokea. Hazina bahasha. Anayekujua akusomee, na akiisha kusoma anijue na mimi pia. Nimelificha jambo hili karibu mwaka mzima na limenila ndani kwa ndani.

Wewe ndiye uliyenifungulia njia ya picha. Papa alitaka niwe karani bandarini kama yeye, niketi kivulini na kalamu sikioni. Nilipomwambia kuhusu shule ya sanaa alicheka kwanza, halafu akakasirika.

"Mutu amesoma, alafu anatembea na mashine ku shingo kama mbuzi na kengele yake? Ile haiko kazi."

Ulikuwa unatwanga majani ya pondu uani. Hukuinua hata kichwa. "Papa, muache asome. Kama atashindwa, mie njo nitamulisha."

Papa akakubali, maana ulikuwa umenilisha tayari tangu mama alipofariki, mimi nikiwa na miaka saba na wewe kumi na sita. Ulisomea ualimu huku umenibeba. Kila mtu katika barabara yetu ya Kabondo, hapa Kisangani, alilijua hilo, na mimi kuliko wote.

Mwaka wa kwanza shuleni hatukugusa kamera. Profesa Basele, tuliyemwita Profesa ingawa hakuwa hata na meza yake, alituketisha mbele ya dirisha asubuhi nzima tutazame mwanga unavyotembea ukutani. Nilikuja nyumbani nikalalamika, ukanicheka. Mwaka wa pili tukapewa kamera moja kwa wanafunzi wanne, na karatasi za kuchapia zilizokwisha muda wake, zilizogeuka rangi ya chai. Kila zamu yangu ilipofika nilikimbilia kwako. Ulitoka kazini umechoka, vumbi la chaki vidoleni, nami nakuketisha karibu na dirisha, shuka nyeupe nyuma yako, kioo cha kunyolea cha Papa mkononi ili mwanga urudi shavuni.

"Niikale hivi mupaka saa ngapi, Amisi? Pondu iko naungua!"

"Kidogo tu, Yaya. Usitikisike."

Pondu iliungua kweli, tukaila hivyo hivyo, na Papa akauliza kama siku hizi tunapika na makaa ndani ya sufuria. Ulicheka mpaka ukashika meza. Sura yako naijua kuliko yangu. Najua kovu la unyusi wako wa kushoto, najua upande ambao kivuli cha pua kinaangukia saa kumi.

Tulikuwa na mipango, wewe na mimi. Nikimaliza shule tungefungua studio kwenye barabara kubwa, milango ya buluu, na wewe siku za Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ungepokea wateja, maana ulisema mimi ninawatazama watu kama daktari na ninawatisha. Nilitaka mabibi harusi waje kwangu, na wazee, na watoto wa ubatizo. Nilitaka mtu akitazama picha yake aseme, "Kumbe ndiyo mimi."

Mwaka wa tatu tukapewa kazi ya mwisho: picha kumi za watu. Nilimpiga picha mshonaji wa kofia wa karibu na msikiti, nikampiga muuza samaki, nikampiga seremala na msumeno wake. Profesa Basele akazitandaza chini akazizunguka.

"Watu yako wote wanakaa kama wako mbele ya mufalme," alisema. "Foto ya kumi, uniletee mutu amejisahau."

Nilihangaika wiki tatu. Halafu ikaja ile Jumapili ya mvua. Papa alikuwa kwenye matanga Mangobo. Wewe ulikuwa unapanga nguo zako za sandukuni, na chini kabisa ukaikuta ile suruali aliyokuletea rafiki yako kutoka Bujumbura, zamani, kabla hatujaamriwa kwamba mwanamke wa nchi hii avae kikwembe tu na suruali ni mabaki ya ukoloni. Ukaivaa kwa mchezo, kuona kama bado inakutosha. Ilikutosha. Ukafungua kitambaa cha kichwa, ukasimama dirishani na mikono mfukoni, mvua inapiga bati, ukawa unaiga mwendo wa mkurugenzi wenu wa shule, kifua mbele. Ukajicheka mwenyewe. Nami nikabonyeza.

Ulisikia mlio. Uliacha kucheka.

"Amisi, ile usionyeshe mutu. Unasikia? Iko ya nyumba tu."

"Nasikia."

"Apa."

Niliapa kwa jina la mama.

Yaya, nilipoingia kwenye chumba cha giza sikuwa na nia mbaya. Nilipanga kuikata kiunoni, ibaki sura peke yake. Nikachapa hivyo, ikatoka picha ya dada mzuri anayecheka, kama picha za kalenda. Nikaichapa nzima. Ikapanda ndani ya dawa polepole, kwanza dirisha, halafu mabega, halafu ile mikono mfukoni, na hapo ulikuwa wewe mzima, mtu asiyeogopa mtu. Nilijua palepale ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikajidanganya kwamba nitamwonyesha Profesa peke yake.

Profesa Basele aliitazama kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaifuta, akaitazama picha tena. "Sasa uko mupiga foto," alisema. Miaka mitatu nilikuwa ninangoja neno lile. Kisha akaniuliza: "Lakini ule dada iko nakubali watu waone? Unajua wakati tuko ndani yake."

Alinipa nafasi, Yaya. Ningeweza kusema hapana.

"Iko nakubali, Profesa," nilisema.

Siku ya maonyesho na mashindano ya shule ukumbi ulijaa. Uliniomba radhi kwamba huwezi kuja, una mitihani ya watoto ya kusahihisha, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Wakubwa wa mkoa walipita mmoja mmoja mbele ya picha. Mmoja, mnene, amevaa suti ya abakosti na beji ya chama kifuani, akasimama mbele yako.

"Bon. Ule mama ni nani?"

Ungeweza kuwa mtu yeyote. Ningeweza kusema ni mpita njia. Lakini kifua kilikuwa kimenijaa, watu walikuwa wananitazama, nami nikamjibu: "Ni yaya yangu, Citoyen. Iko mwalimu."

"Mwalimu! Anafundisha wapi?"

Nikamtajia shule. Na darasa pia. Akanipa mkono, akatabasamu. "Uko na macho, kijana. Ku Bangboka, ku uwanja ya ndege, wanakosa mupiga foto ya kupokea wageni. Uje unione."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Ulikuwa umepika lituma na samaki wa kunishangilia, ndizi umezitwanga laini kama ninavyopenda. Nikakuambia nimekuwa wa kwanza. Ukapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Ukauliza, "Na foto gani ilishinda?" Nikasema, "Ya mushonaji." Nikala lituma yako mpaka nikalamba vidole.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mimi niliyasikia kwa watu: kwamba Jumanne asubuhi, watoto wakiwa wamesimama kwenye bendera, walikuja vijana wawili wa chama na picha yangu mkononi; kwamba walikusimamisha mbele, wakaiinua juu, wakawaambia watoto wapige kelele "Aibu!", kwamba wale wadogo walipiga kelele kwa sababu waliambiwa, na mmoja wao alilia. Ulirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Ulikuta nimeketi mlangoni. Hukunipiga. Ulisema neno moja tu.

"Ulikula lituma yangu, Amisi."

Baada ya siku nane ikaja karatasi: umehamishiwa shule moja ya msituni, mbele ya Bafwasende. Nilidhani utamwambia Papa sababu. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nikakusikia uani ukimwambia, "Ni serikali inanituma, Papa. Wanakosa walimu kule." Ulinificha. Nilikutendea vile na bado ulinificha, nami nikakubali kufichwa.

Asubuhi ya safari ulipanda juu ya magunia, na wamama wengine na kuku wao. Nilikupa sanduku. Ulilipokea, ukanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Foto ilikuwa muzuri," ulisema. "Ile njo inaniumiza zaidi."

Lori likaondoka.

Nami nikaenda Bangboka, Yaya. Lazima ulijue na hilo. Nilimwendea yule mkubwa, nikapewa kamera na kitambulisho. Nimepiga picha wanaume wakishuka kwenye ndege, nimepiga wamama wakiwachezea na kuwaimbia juani kutwa nzima, nimepiga mikono ikipeana mikono. Kila uso ni uleule. Watu wote wako mbele ya mfalme.

Barua zako mbili zilifika, zote kwa Papa, bila salamu kwangu. Tangu Desemba hakuna kitu. Machi niliomba ruhusa ya siku tano nikaja kukutafuta. Mkurugenzi wa shule yako ya msituni, mtu mpole, aliniketisha. "Homa ilimushika sana," alisema. "Wamama wanaouza chakula ku machimbo ya dhahabu wakapita na lori, akaenda nao. Alisema anatafuta dawa. Kisha, mie sijui tena."

Sikuwa na picha nyingine ya kuwaonyesha watu ila ileile. Nililazimika kuitoa barabarani, kwa madereva, kwa wachimbaji, kwa wapishi. Wengine walicheka suruali. Nilisimama nikawaacha wacheke, kwa sababu nilihitaji macho yao. Mama mmoja mwenye sufuria ya maharage aliishika kwa mikono miwili.

"Huyu alipita," alisema. "Lakini alikonda. Hakuwa anacheka hivi."

"Alienda wapi, mama?"

Akanyoosha mkono kuelekea msituni. "Kule. Mwendo ya siku tatu ao ine."

Nilikuwa nimebakiwa na siku moja ya ruhusa. Nikarudi. Sikurudi kwa sababu ya mvua, wala daraja, ingawa nimewaambia watu hivyo. Nilirudi kwa sababu niliogopa kupoteza kazi. Usiku na mchana nauona ule mkono wa yule mama.

Papa macho yake sasa yana ukungu, hasomi tena. Kila mara aliuliza, "Feza ameandika?" Siku moja sikuweza kusema hapana. Nikachukua karatasi tupu, nikasoma: mpendwa Papa, mimi ni mzima, watoto wa huku wana akili, natumaini hamjambo. Akatabasamu. Basi ikawa desturi. Kila majuma mawili nilikutungia maisha. Nilikupa bustani ya karanga. Nilikupa rafiki, mwalimu mwenzako. Juma lililopita nilikupa hata mchumba.

Papa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, polepole:

"Amisi. Feza hajaniita hata siku moja 'mpendwa Papa'. Barua yake yote inaanza, 'Papa, mumekula?' Ile barua, nani anaandika?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tangu suruali mpaka mkono wa yule mama. Hakupaza sauti.

"Ulijua kama imekatazwa?"

"Nilijua, Papa."

"Na uliapa?"

"Kwa jina ya mama."

Alilia bila kufunika uso, sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye matanga ya mama. Kisha akasema, "Ondoka mbele yangu." Siku mbili alikula kwa jirani. Siku ya tatu asubuhi akaniita.

"Lori inaondoka siku gani?"

"Siku ya kwanza ya juma, Papa."

"Bon. Usirudi bila yeye, ao bila kunionyesha fasi alizikwa."

Nimerudisha kamera Bangboka. Mkubwa wangu alisema nikitoka nisirudi kugonga mlango. Profesa Basele naye niliwahi kumweleza uongo wangu. Alinisikiliza, akaingia ndani, hakutoka tena. Ana haki. Jirani atampikia Papa.

Yaya, siombi unisamehe, jambo hilo liko mbali na mimi. Nakuomba ukae mahali ulipo, usikimbie ukisikia kijana wa Kisangani anaulizia jina lako. Au kama hutaki kuniona, tuma mtu aniambie tu, "Yuko, lakini hakutaki," nami nitageuka nimpelekee Papa neno hilo nikiimba. Ukirudi nyumbani mimi nitahamia ng'ambo ya mto, Lubunga, usinikute hata kizingitini. Nitukane. Nitemee mate mbele ya watu. Hata tusi litaniambia kwamba unapumua, na sasa hivi, hapa ninapoandika, sina hata hilo.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea,

Amisi