Mama, Nilipiga Yowe

Germantown, Maryland
Tarehe 3 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya Gregori, Kokusima na Mugisha. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mvua zimeanza kunyeshea migomba yako hapo Kamachumu. Sisi huku hatujambo. Ukitaka kujua hali yangu hasa, nimekaa juu ya boksi la masufuria, meza tumekwisha kuifunga kamba, na kalamu nimemwibia Mugisha kwenye mkoba wake wa shule. Barua atakuletea Vaileth, yule mwenzetu wa kanisani aliyeolewa na mtu wa Bukoba, anakuja likizo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ulisema simu ni ya kuulizia bei ya ndizi, na kwamba habari ya maana huandikwa ili mtu aisome mara ya pili. Basi vaa miwani, Mama, ukae.

Tunahama. Mkweo Gregori ameshikwa na ugonjwa wa shamba tangu mwaka jana. Alianza na mchicha kwenye ndoo, ikafuata mihogo ambayo baridi iliiua, mwishoni akawa kila akirudi kazini anasema Mhaya asiye na kibanja chake cha migomba ni mpangaji tu hata akiwa na hati ya nyumba. Si kwamba hapa Germantown ni pabaya. Nyumba ni mpya, shule iko karibu. Ila nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, jirani akipiga chafya unamsikia, na jina lake hulijui.

Mimi shamba sikulitaka, Mama. Na kwa kuwa kubishana na Gregori ni kutwanga maji kwenye kinu, nikakutanguliza wewe. Nikamkumbusha maneno uliyoniambia siku ya kuniaga nilipoolewa, kwamba nisikubali kukaa mahali ambapo nikipiga yowe hakuna wa kuitika. Nikamwambia nitahamia nyumba yoyote atakayoipenda, kijijini au porini, kwa sharti moja: nisimame mlangoni nipige yowe, na mtu aje. Alicheka sana. Alipoona mimi sicheki, aliniangalia, akasema sawa. Nami nikalala usingizi mtamu, kwa sababu mashamba ya huku nyumba na nyumba zimetengana kama watu waliokosana. Nilijua nimeshinda.

Tukaanza kuzunguka kila mwisho wa juma. Nyumba ya kwanza tuliikuta nje kidogo ya Frederick, mtaa mpya katikati ya mashamba ya mahindi, lakini una kamati inayoamua hadi rangi ya mlango wako. Gregori aliuliza kuhusu kulima. Akaambiwa nyanya zinaruhusiwa mradi zisionekane kutoka barabarani. Alirudi kwenye gari bila kuaga. Ya pili ilikuwa mlimani, nzuri ajabu, ukisimama barazani unaona mabonde mawili. Simu ya Kokusima ikakosa mtandao. Huyo mjukuu wako alisema Kiingereza njia nzima kurudi nyumbani, tena cha haraka ili nisikidake, na Kiswahili alikitumia mara moja tu kuomba maji. Pale mlimani hata yowe sikupiga. Ningeitikiwa na miti.

Rafiki yangu Mumbi, Mkenya tunayefanya naye kazi kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee Gaithersburg, alinipa nguvu. Alisema, “Leokadia, huko ni ushago kabisa. Hakuna Uber, hakuna watu, mta-survive aje? Dubu akikuja utamwambia nini?” Maneno hayo niliyapeleka mezani kwa Gregori kama ushahidi wa mtaalamu. Akajibu kwamba dubu atamkaribisha ndizi.

Ndipo mwezi wa nane tukaenda Barnesville. Ni kijiji kidogo, lakini treni ile ile anayopanda Gregori kwenda kazini mjini inasimama hapo. Nyumba ni ya mbao nyeupe, ya zamani, sakafu inalia ukikanyaga, na uani kuna banda lenye taa kubwa juu ya mlango. Mwenye nyumba ni bibi mjane anayehamia kwa mwanawe. Alitukaribisha chai ya barafu na kutuonyesha kila kitu, hadi mahali mumewe alipokuwa akikaa kufunga viatu. Mugisha akawaona kuku, tukampoteza. Kokusima akapata mtandao, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Na mimi, Mama, moyo ulianza kunisaliti. Jikoni kuna dirisha linalotazama mashariki. Nikajikaza, nikajiambia sharti ni sharti. Lakini utapigaje yowe uani kwa mjane aliyekupa chai? Niliona haya. Nikaanza kupanga namna ya kumwambia Gregori kwamba nimepiga kimoyomoyo na hakuna aliyekuja.

Jua lilikuwa limetua. Yule bibi akawasha taa ya banda. Kitu kikanigonga shavuni, kikaangukia kifuani, kikang'ang'ania blauzi. Nikakitazama. Panzi wa kijani, kichwa kimechongoka, mapembe marefu kama uzi. Cha pili kikatua begani kwa Gregori, cha kahawia.

Mama, ni senene! Au ni binamu wa senene, sijui wataalamu wanasemaje, lakini mtoto wa Kamachumu hawezi kukosea kichwa kile. Sijui nini kilinipanda. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tangu nikiwa binti, “Seneneee!”, nikafuatisha vigelegele, nikavua kitambaa cha kichwa nikaanza kuwakimbiza kuzunguka banda. Gregori naye alitupa adabu zake zote, akawa anawakusanya kwa kofia. Watoto walisimama wameduwaa. Yule bibi alishika mlango kwa mikono miwili.

Hatukumaliza hata dakika chache, nikasikia mlio wa trekta. Mzee mmoja wa Kizungu, anaitwa Peterson, alikuja amesimama kwenye trekta na tochi mkononi, anauliza kwa sauti nani ameumwa na nyoka. Nyuma yake mkewe anakimbia kwa miguu, mikono imejaa unga. Simu ya mwenye nyumba ikaanza kulia ndani, majirani wa upande wa pili wanauliza kama waje na gari la kumpeleka mtu hospitali. Gregori alisimama mbele yao wote na kofia yake, akaeleza kwamba hakuna mgonjwa, ni chakula. Mama Peterson akaomba aone. Mzee Peterson alichungulia ndani ya kofia, akasema jeshini aliwahi kula vibaya zaidi, akamulika tochi ili tuwaone wengine. Mkewe mwenyewe alikamata watatu kwa mikono ile ile ya unga.

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye majani. Gregori akachuchumaa karibu nami, akaninong'oneza, “Mke wangu, umepiga yowe.”

Nilikuwa nimesahau kabisa, Mama. Nikawatazama wale watu waliokuja kwa trekta na kwa miguu kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua. Nilijaribu kusema kwamba lile lilikuwa la furaha, halihesabiki. Nikaishia kumshika mkono Gregori.

Sasa nikuambie kwa nini sharti lile halikuwa mchezo. Mwaka juzi nilikuwa na mimba, ikatoka. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka ulie mbali nami. Ilinikuta mchana, Gregori yuko kazini, watoto wako shule. Nilipiga kelele, Mama. Nilipiga kwa nguvu zangu zote katika nyumba hii yenye kuta za watu pande zote mbili, na hakuna aliyegonga mlango. Tangu siku hiyo kila mahali niliposimama nilikuwa nauliza jambo hilo moja.

Siku ile ya Barnesville tulirudi Germantown na senene wasiojaa hata kikombe. Niliwanyonyoa, nikawakaanga kwa chumvi na kitunguu, nyumba ikanukia Novemba ya kwetu, msimu wa senene. Gregori alikula amefumba macho. Siku ya pili, kwa kufuata desturi, akaniletea kitenge, maana mke aliyemletea mumewe senene hakosi nguo mpya. Mugisha alikula wawili, Kokusima alipiga picha.

Mimi sikula.

Unajua maana yake, Mama. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka Bibi alivyokunyang'anya sahani ukiwa na mimba ya mdogo wangu, asije akazaliwa na kichwa kilichochongoka kama cha senene. Mimi nahudumia wagonjwa, najua senene hachongoi kichwa cha mtu. Lakini mkono ulikataa. Gregori alinisogezea sahani mara mbili, nikairudisha mara mbili. Akaacha kutafuna. Alinitazama, akaitazama sahani, kisha akaanza kulia huku mguu wa senene umemganda mdomoni. Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa naogopa hata kujiambia mwenyewe.

Daktari amesema mtoto yuko vizuri, mapigo ya moyo tumeyasikia, na tunamtarajia mwezi wa nne. Jumamosi tunahamia Barnesville. Mama Peterson amekwisha kutuletea mkate tulipokwenda kuchukua funguo, ameuliza pia kama yale mayowe yatakuwa ya kila jioni.

Msalimie mdogo wangu na mkewe, uwasalimie wanajumuiya wote, na ng'ombe wako mkorofi pia. Kitenge kipande kimoja nimekukatia, Vaileth anacho. Na sasa, Mama, weka barua chini, toka mlangoni, upige vigelegele. Majirani wakija mbio kuuliza kuna nini, waambie binti yako amepata pa kukaa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Leokadia