Kihamba cha Baba Darasani

Jumanne

Sijafukuzwa kazi. Naandika tena ili niamini: sijafukuzwa!

Kazi yangu ni kupakia mtandaoni masomo ya pamoja ya vyuo vyetu vitatu, basi. Lakini Ijumaa somo la Profesa wa chuo cha pili lilisema migomba ikatwe ili mibuni ipate jua. Mimi nimekulia Masama, mlimani Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni. Nikashindwa kuvumilia. Masomo yetu ni huria, yeyote anaruhusiwa kuyarekebisha, nikaongeza aya moja: huku mlimani mgomba ndio kivuli cha mbuni.

Kisha hofu. Karani tu, tena wa mkataba...

Leo kwenye kipindi cha pamoja Profesa akauliza kupitia skrini, "Nani kaongeza aya hii?" Mkuu wangu akanigeukia. Nikasimama.

"Shikamoo, Profesa. Ni mimi."

"Marahaba. Umenisahihisha vizuri, binti. Andika jina lako chini ya langu."

Nimeliandika! Nikampigia baba: kihamba chake sasa kinafundishwa vyuo vitatu.

"Vizuri," akasema. "Waambie waje na majembe, magugu yamezidi."